Barua ya Wazi kwa Halmashauri Ikaguayo Ushuru Kuliko Nyama

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yoyote ya Tanzania yenye machinjio,

Walaji nyama wanaipongeza Halmashauri kwa uhodari wa mkusanya ushuru wake, ambaye hufika machinjioni kabla ng'ombe wa kwanza hajaangushwa, huhesabu wote bila kukosea na hutoa stakabadhi hata kwenye mvua. Laiti bakteria nao wangetozwa ushuru, asingepita hata mmoja.

Kwa mkaguzi wa nyama, pongezi ni za namna nyingine. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, mnyama hategemewi kufika buchani kwa bahati tu. Ukaguzi una hatua mbili: ya kwanza mnyama akiwa hai, ili mwenye homa au anayetokwa damu puani atengwe, na ya pili baada ya kuchinjwa, ambapo mkaguzi hupasua tezi, maini, mapafu, moyo na misuli ya taya akitafuta minyoo ya ini, kifua kikuu na malengelenge ya tegu. Halmashauri imebuni njia fupi inayostahili hataza: muhuri hutangulia, macho hufuata, iwapo tochi ya simu bado ina chaji.

Hatua ya kwanza ndiyo hurukwa kwa wepesi zaidi, ilhali kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mnyama ghafla, hakitafutwi kwa kisu. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hao hukutana na hewa na kujigeuza spora, yaani chembe zenye ganda gumu zinazoweza kukaa udongoni miongo kadhaa, muda unaopita uhai wa mabaraza mengi ya madiwani. Homa ya Bonde la Ufa nayo, iliyozikumba Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, huambukizwa kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, hivyo mchinjaji asiye na glovu huifanyia Halmashauri kazi ya maabara kwa viganja vyake, tena bila posho.

Habari za nguruwe ni fupi, kwa kuwa wengi wao huchinjwa uani, mahali ambapo hata muhuri haufiki.

Kuhusu usafi, desturi ya kitaalamu ni kuchovya visu katika maji ya nyuzi 82 za Selsiasi kila baada ya mnyama mmoja. Kwenye karo la kuchinjia, yaani sakafu ya saruji yenye mteremko wa kutolea damu, Halmashauri imetimiza sehemu ya sharti hilo, maana ndoo ipo, na ndoo hiyohiyo huosha utumbo, visu na mikono.

Walaji hawaombi jengo jipya lenye utepe wa kukatwa. Wanaomba sehemu ya ushuru huo inunue bomba la maji, taa na mshahara wa mkaguzi wa pili, na siku ambayo mkaguzi hajafika, kisu kisishuke wala ushuru usikusanywe.