Safu ya Ushauri: Pikipiki Imezeeka, Mwenyewe Ana Haraka

Barua za juma hili zimetoka karibu zote Lwiro na vijiji vya jirani, na kila moja ina alama ya kidole chenye oili. Mshauri wa safu hii hakushangaa. Lwiro iko kaskazini ya Bukavu, chini ya milima ya Kahuzi, na tangu Wabelgiji walipojenga pale kituo cha utafiti cha IRSAC, ambacho leo kinaitwa CRSN, wenyeji wamezoea kuona kila kitu kikipimwa: mitetemeko ya ardhi, mvua, mimea, hata afya ya masokwe waliookolewa kutoka kwa majangili. Pikipiki peke yake ndiyo hakuna anayeipima, mpaka siku inapozimika katikati ya matope ikiwa na abiria wawili.

Motari wa Kavumu, mwendesha pikipiki ya abiria, ndiye wa kwanza. TVS yake ya cc 125, ambayo hakumbuki ni mtu wa ngapi kuimiliki, imesimama kwenye kilometa 61,300 tangu waya wa mita ulipokatika. Anauliza kwa nini chombo chenye umri huo kinampeleka kwa fundi kila juma. Mshauri alicheka kwanza, kisha akashika kalamu. Pikipiki ya namna hiyo, ikiwa na mzigo juu ya barabara mbovu, hupata kilometa 40 hivi kwa lita. Motari mwenyewe anaandika kwamba hununua lita tatu kwa siku kwa kadhafi, wale wauza mafuta ya chupa kando ya njia. Hizo ni kilometa 120. Akifanya kazi siku 25, mwezi mmoja ni kilometa 3,000. Mstari wa ikweta una kilometa 40,075, maana yake bwana huyu anaizunguka dunia kila miezi 13 na ushei, na mita yake bado inadai hajatoka nyumbani.

Ushauri: anunue waya. Mpaka atakapoupata, ahesabu lita. Kwa kazi ngumu kama hiyo oili ibadilishwe kila kilometa 1,500 hadi 2,000, yaani kama mara mbili kwa mwezi. Injini yake haibebi oili nyingi, ni lita moja au zaidi kidogo, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, giaboksi na sahani za klachi. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu hupewa masalio ya oili ya gari na shemeji mwenye Toyota, akashukuru, na baada ya muda klachi inaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili inaishi kwa msuguano. Kwenye kopo atafute herufi JASO MA. Asipoziona, ushemeji usimponze.

“Moshi Mwingi” wa Tshibati anauliza kama auze mbuzi ili anunue pistoni mpya. Asubiri, mbuzi hana kosa. Moshi una rangi, na kila rangi ina jambo lake. Mweupe wa asubuhi, unaopotea injini ikipata joto, ni mvuke tu. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa: kichujio kimejaa vumbi, au kabureta imepangwa kwa ajili ya mahali pa chini. Lwiro iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 au karibu na hapo. Buji ikitoka imevaa masizi, fundi aangalie kabureta kabla ya kufungua injini. Wa buluu ndio wenye gharama. Ukitoka pale anapokaza mafuta kupanda mlima, ringi za pistoni zimekwisha. Ukitoka kwa pumzi moja baada ya mteremko mrefu, anapofungua mafuta tena, yamkini ni sili za valvu, na bei yake haifiki hata miguu ya mbuzi.

Mama mmoja wa Katana hakutaka jina lolote la kujificha. Baba watoto amenunua cheni tatu mwaka huu, kila moja kwa fedha iliyokuwa ya shule, na mama anataka kujua kama mumewe ana mke wa pili huko soko la Kadutu, Bukavu. Mshauri hawezi kuapa juu ya Kadutu. Anachoweza kusema ni kwamba kisa hiki cha cheni kinaaminika kabisa. Cheni huzungukia magurudumu mawili ya meno, dogo la mbele na kubwa la nyuma, na vyote vitatu huzeeka pamoja. Meno yakishaliwa yanajipinda kama kulabu. Ukiyavisha cheni mpya yanaivuta vibaya na kuichosha upesi. Baba amekuwa akinunua theluthi ya dawa. Mama amtume akanunue seti nzima, na aombe aonyeshwe yale meno ya zamani yakirudi nyumbani. Yakirudi yamepinda, ndoa iko salama.

Kwa kijana anayeoshea pikipiki ndani ya kijito mpaka maji yafike kwenye ekseli: hiyo sauti ya kukwaruza kwenye gurudumu la nyuma ni beringi zilizooshwa grisi yake. Aache.

Kisha ameandika patroni mmoja, mwenye pikipiki wa Bukavu, kwa hasira. Motari wake hakuleta fedha ya jioni kwa sababu pikipiki ilikuwa imelala kwa fundi, na patroni anaona ameibiwa. Mshauri anamwambia bila kuzunguka kwamba chombo kilichofunguliwa injini hakibebi abiria, na aliyekizeesha si motari peke yake. Tairi, buji na breki zinaweza kuwa za motari. Injini na giaboksi ni za mwenye mali. Klachi ndiyo inayogombanisha watu, basi waiandike kwenye karatasi kabla haijaungua.

Wa mwisho anataka kumuuzia shemeji pikipiki ya Boxer iliyovuka kilometa 100,000, na anauliza kama ataje matatizo yake. Shemeji anakaa nyumba ya tatu. Ama ayataje yote, ama atafute mnunuzi Uvira; na huko, karibu mita 800 tu juu ya bahari, fundi aipange kabureta upya, maana iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Lwiro itaipandisha injini joto ikiteremka huko.