Swim, Swam, Tukazama

Mwingereza ana kitenzi cha kuogelea, na mpaka leo hakijatulia. Leo ni 'swim', jana kilikuwa 'swam', na akishatoka majini akajifuta, kimekuwa 'swum'. Ukihoji, unaambiwa ni urithi. Kweli, mababu zake walisema 'swimman', na binamu zao Wajerumani hadi sasa husema 'schwimmen'. Wanorse wa kale nao walikuwa na 'sund', lililobeba mawili: kuogelea na mlangobahari wenyewe. Ndilo lililobaki katika Øresund, kati ya Denmaki na Uswidi.

Kitenzi chenyewe hakikai majini. Kichwa kikizunguka, Mwingereza husema kinaogelea. Nyama ikizidiwa na mchuzi, inaogelea. Mwajiriwa mpya asiyefundishwa kazi huambiwa achague: azame au aogelee.

Sisi hatukujisumbua. Tulichukua 'kuoga', tukakirefusha, tukapata 'kuogelea'. Ndiyo maana bwana mmoja aliyeshuka bwawani na sabuni yake, alipokemewa kwamba hapo ni pa kuogelea si pa kuoga, alijibu kwa utulivu: "Tunagombana kwa silabi mbili tu?"

Lakini wa kuchekwa si yeye. Ni sisi tuliosimama darasani tukiimba "swim, swam, swum" kwa sauti moja, tukapata vema zote, na hatujawahi kuingia maji yanayopita goti. Siku tutakapotumbukia mtoni ndipo tutakapojua kwamba sarufi haielei.