Muulize Shangazi: Apex Imenifungia Mlango

Shangazi, Windows 10 ilipoachwa bila huduma Oktoba 2025, kompyuta yangu ilionekana haifai kwa Windows 11, nikahamia Linux. Gemu za peke yangu zinakwenda bila shida, ila Apex Legends inanikataa. Nimeikosea nini?
— Mkataliwa

Hujakosa lolote, mwanangu. Apex ilichezeka kwenye Linux tangu 2022, mpaka kampuni yake, EA, ilipoifungia Oktoba 31, 2024, ikisema uwazi wa Linux unawavutia wanaochiti. Kinachouma ni kwamba mlinzi wa gemu hiyo, Easy Anti-Cheat, ameweza kufanya kazi kupitia Proton, programu ya Valve inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, tangu 2021, mradi mwenye nyumba, yaani kampuni ya gemu, aruhusu. Epic ndiyo mwajiri wa mlinzi huyo na ndiyo mwenye Fortnite, na bado mwaka 2022 bosi wake, Tim Sweeney, aliwanyima gemu hiyo wenye Steam Deck, mashine ya michezo inayotumia Linux. Kwa hiyo usiihangaishe kompyuta yako, haiumwi. Kila ukitamani gemu ya mtandaoni, uliza kwanza kama mwenye nyumba anawataka watu wa Linux.

Shangazi, mume wangu hataki kuiacha Windows kwa sababu ya Valorant. Nasikia mlinzi wake anaamka kabla ya mume wangu kugusa gemu. Niogope?
— Mama Watoto

Umesikia sawa. Mlinzi huyo, Vanguard, huanza kazi kompyuta inapowashwa, tena hukaa kwenye kerneli, chumba cha ndani kabisa chenye funguo zote. Ilikuja na Valorant mwaka 2020. Ilipoingia League of Legends mwaka 2024, waliokuwa wakiicheza kwenye Linux kupitia programu ya Wine wakabaki nje. Mashaka yako yana msingi: mwaka 2022 wahalifu walikamata draiva ya kuzuia kuchiti ya Genshin Impact wakaitumia kuzima antivirusi, kisha wakafunga mafaili ya watu wapate kudai fidia. Hiyo haikuwa Vanguard, lakini inaonyesha hatari ya kugawa funguo. Mwache bwana na Valorant yake kwenye mashine ya michezo. Mambo ya benki na picha za watoto yakae kwenye mashine nyingine.

Shangazi, natumia Linux, na rafiki kanipa ujanja wa kuifanya Destiny 2 idhani niko Windows. Nijaribu?
— Mjanja

Usithubutu. Bungie, kampuni ya gemu hiyo, imewazuia watu wa Linux, na ilitangaza kwamba anayejaribu kukwepa kizuizi hicho atafungiwa, na haikusema itasikiliza sababu. Cheza Counter-Strike 2 au Dota 2, ambazo Valve imezitengenezea Linux kabisa, au Helldivers 2, inayokwenda kwa Proton ingawa ina mlinzi wake. Ukishindwa kujizuia na akaunti ikafungwa, barua yako ya pili usiilete kwangu. Wapelekee Bungie, nao wanapenda kusoma.