Nimepanda Maluch

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama tangu nije Ulaya nimeshapanda gari la maana. Nimepanda, Jumapili iliyopita, na shingo bado inauma. Linaitwa Fiat 126p, ila hapa Warszawa ukilitaja kwa jina hilo watadhani wewe ni trafiki unaandika faini. Wote wanaliita Maluch, yaani Kadogo. Ni la baba mwenye nyumba wangu, rangi ya chungwa, na hulala limefunikwa blanketi zito ambalo mimi mpangaji sikuwahi kupewa hata theluji ilipofika magotini.

Urefu wake ni mita tatu na kidogo. Injini iko nyuma, silinda mbili, cc 594, nguvu za farasi 23: chukulia bajaji tatu zimeamua kuanzisha ushirika. Rejeta halina, linapozwa kwa upepo. Sasa kuliwasha ndiyo shughuli. Unazungusha ufunguo, kimya. Ufunguo ni wa kubisha hodi tu. Kati ya viti viwili, sakafuni karibu na breki ya mkono, kuna vijiti viwili vidogo, cha choki na cha stata. Mzee alivuta cha kwanza, akanyanyua kidole kunikataza nisiongee, akavuta cha pili. Nyuma kukakohoa. Kukanyamaza. Akavuta tena huku akilisemesha kwa sauti ya chini, na nina hakika mkewe hajasemeshwa hivyo tangu Papa Yohane Paulo wa Pili achaguliwe. Likawaka. Vioo, milango, magoti yangu, vyote vikaanza kutetemeka, na joto la injini likaja mbele kupasha miguu, limebeba na harufu ya oili. Tuliondoka na suruali zikinuka gereji.

Usicheke, Mjomba. Hilo ndilo lililoipa taifa zima magurudumu. Lilianza kuundwa 1973 kwa leseni ya Waitaliano, huko Bielsko-Biała na baadaye Tychy, na halikuachwa hadi mwaka 2000, yakiwa yameshatoka zaidi ya milioni tatu. Toleo la mwisho kiwanda kililiita Happy End, nami naona aliyechagua jina hilo alikuwa na Maluch nyumbani.

Mwanzoni bei ilitangazwa kuwa zloti 69,000. Lakini pesa haikuwa tatizo pekee. Ulitakiwa ulipe kwanza, kidogo kidogo, kwenye benki ya akiba ya serikali, halafu usubiri. Wapo waliosubiri miaka. Matokeo yake, gari lililokwisha kutumika liliuzwa ghali kuliko jipya, kwa sababu la mtumba unaondoka nalo leo, na jipya unaondoka na risiti. Mzee alinieleza hayo akiwa makini kabisa, nikamwomba arudie. Nawajua madalali wa Kariakoo kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikia hapo.

Ukishalipata, kazi ndiyo inaanza. Usiku unachomoa wipa unaingia nazo ndani, maana asubuhi hutazikuta. Baridi ikizidi, na betri unaifungua, unapanda nayo ngazi hadi ghorofa ya nne, inalala jikoni. Kiangazi kikifika, mume, mke, watoto wawili, hema na makopo ya nyama vinapangwa ndani na juu ya keria, safari ya Bulgaria, kuoga Bahari Nyeusi. Kiwanda cha Niewiadów kilifikia hatua ya kutengeneza karavani, N126, ya kuvutwa na Maluch. Farasi 23 hao hao, Mjomba, na nyumba nyuma.

Na mzee akisimulia haya uso unang'aa! Anawahurumia vijana wenye magari ya kisasa, ambao taa ikiwaka kwenye dashibodi wanapiga simu. Enzi zake, anasema, kila mwanamume mtaani alikuwa fundi, na aliyekuwa na plagi ya akiba aliheshimika kuliko katibu wa chama. Ninamwamini nusu. Mimi nafikiri anachokililia si gari, ni ile hali ya watu watano kuinama kwenye injini moja, kila mmoja akiwa na maoni yake. Na hayuko peke yake. Mwaka 2017 watu wa Bielsko-Biała walimchangia mwigizaji Tom Hanks Maluch lake mwenyewe, baada ya kumwona mtandaoni akipiga picha na ya watu wengine yaliyoegeshwa.

Mama mwenye nyumba ndiye huharibu sherehe. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho. "Mwulize ni nani alikuwa anasukuma." Ni yeye. Amesukuma akiwa na mimba, amesukuma akiwa na viatu vya kwendea harusi, kwa sababu mwenye kujua vile vijiti ni mmoja tu na lazima akae kwenye usukani. Kwa hiyo yeye alipenda zaidi usafiri wa umma.

Akaanza na wa kwake. Mabasi ya Jelcz, duara mbele na nyuma, yaliyopewa jina la tango. Majira ya baridi abiria waligombea kukaa karibu na dereva kwa sababu injini ilikuwa pale. Tramu za 13N, ambazo zilihudumu hapa Warszawa tangu 1959 hadi 2012. Tiketi ulinunua kwenye kibanda cha magazeti, ndani ukaitoboa mwenyewe kwenye kimashine cha ukutani. Basi likijaa hadi mkono haufiki, unampa tiketi uliyebanana naye, naye anampa wa mbele, inasafiri kichwa kwa kichwa hadi kwenye mashine, inarudi imetobolewa. Haikupotea hata mara moja, anaapa. Waliokosa nafasi walining'inia mlangoni. Watu wakawaita zabibu. Na treni za abiria za EN57, zilizoanza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambazo mpaka leo baadhi zinabeba watu, wenyewe wanaziita choo. Jina hilo wanalitamka kwa upendo, sijui nikueleze vipi.

Mzee akaona anazidiwa. Akaleta kadi za petroli za miaka ya 1980, petroli ya kupimiwa. Nikasema hilo si geni, kwetu ilikuwa Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi marufuku barabarani. Akakunja uso. Akaleta Ikarus, yale mabasi marefu ya Hungaria yenye kiungo katikati, ya rangi nyekundu, yaliyotembea Warszawa hadi 2013. Akaanza kunielezea ile sehemu ya kiungo jinsi sakafu inavyozunguka basi likikata kona, kana kwamba nahitaji kuelezwa.

Nikamwambia pole pole kwamba Dar es Salaam tulikuwa nazo Ikarus, za shirika la mabasi la UDA, tukiziita kumbakumba, na kwamba mjomba wangu alisimama kwenye hicho hicho kiungo, mkono mmoja juu, mwingine umeshika mfuko wa samaki. Viazi vikasimama. Mama akacheka hadi akakaa. Mzee akakataa. Ikarus na minazi? Haiwezekani, kiungo kingekufa kwa joto. Nikamwambia kilikufa, ila si siku ya kwanza.

Sasa suala limehamia kwa majirani. Jumapili ijayo wanakuja wawili, mmoja aliyekuwa dereva wa Ikarus na mwingine wa kusikiliza tu, na nimeambiwa nilete ushahidi. Tafadhali mwulize shangazi kama ile albamu ya Ilala bado ipo. Ikionekana picha yoyote yenye kumbakumba, hata kwa nyuma, hata kama mbele yake kuna bibi harusi, ipige kwa simu unitumie kabla ya Jumamosi usiku. Umsalimie sana, na watoto wote.

Mpwa wako