Shajara ya Dokingi Mpya na Laptopu Kuukuu

Jumatatu
Dokingi mpya imeletwa ofisini. Ina nafasi ya monita mbili, kibodi, kipanya na waya wa mtandao. Vyote hivyo vinaingia kwenye kompyuta kwa kebo moja ya USB-C. Laptopu ya mama mhasibu ni ya 2012, na vipimo rasmi vya USB-C vilichapishwa Agosti 2014. Hakuna pa kuichomeka. "Sasa mwanangu, hesabu za mwezi nazifunga vipi?" Nimemwomba avumilie skrini ndogo. Amevaa miwani, akaendelea.

Jumanne
Nimepata adapta Kariakoo, ya kugeuza USB-C iwe USB ya kawaida. Kibodi imeitika, kipanya kimetembea, mtandao umepatikana. Monita zimebaki nyeusi. Adapta hiyo inapitisha data ya USB peke yake. Dokingi hii hutegemea picha inayotoka kwenye chipu ya michoro na kupita ndani ya USB-C kwa mfumo wa DisplayPort, na poti ya zamani haina njia hiyo. Kuingia ni jambo moja, kupitisha ni jambo jingine.

Jumatano
Saa nane mchana laptopu imezima. Dokingi ilikuwa kwenye umeme, na mama aliamini inaichaji, kwa kuwa laptopu mpya ya jirani yake huchajiwa hivyo. USB-C yenye mfumo wa Power Delivery inaweza kupeleka wati 100 na zaidi. Poti ya kawaida ya USB 3.0 imepimiwa wati 4.5, nayo hulisha vifaa vidogo. Yenyewe haiichaji laptopu. Vocha alizokuwa akiingiza zimepotea. Amezirudia zote bila neno, nami imeniuma. Chaja ya zamani imerudi mezani.

Alhamisi
Nimeazima dokingi ya DisplayLink. Hii haingoji picha kutoka kwenye chipu ya michoro: programu iliyomo kwenye kompyuta huibana picha na kuituma kama data, kisha dokingi huifungua. Draiva nimeipakua kwa bando la simu. Picha imetokea, lakini madirisha yanajikokota. Kebo ni fupi, inafika upande wa kulia tu, penye USB 2.0 ya megabiti 480 kwa sekunde. Poti ya buluu, USB 3.0 ya gigabiti 5, iko kushoto. Tumeihamishia dokingi upande huo. Imekwenda vizuri.

Ijumaa
Mkuu wa ofisi ameuliza kama laptopu zote za zamani ziondolewe. Nimemwandikia kwamba ya mama mhasibu ibaki, maana kazi yake inaimudu. Nimemwomba pia kwamba kabla ya kununua dokingi nyingine tuulize mambo matatu: picha itapita njia gani, umeme wa laptopu utatoka wapi, na draiva inaikubali Windows iliyopo?

Nilipokuwa naandika, mama ameweka leja kwenye monita ya kushoto na taarifa ya benki kwenye ya kulia. Kabla ya saa sita ameona vocha ya mafuta iliyoingizwa mara mbili. Hilo nalo nimeliongeza kwenye barua, chini ya sababu za kuibakiza.