Tajiri Akipita Tegeta, Shika Mfuko Wako

Watu wa Masaki na Oysterbay hukutana na matajiri kwenye lifti na mahotelini, mahali ambapo tajiri anategemewa kuwepo. Sisi wa Tegeta tunakutana nao njiani, bila taarifa. Barabara ya Bagamoyo ni moja tu, na aliyejenga kasri Mbweni au Ununio, au mwenye shamba la kupumzikia huko Kerege, lazima apite kwetu. Apende asipende, foleni ya Kibaoni itamweka dirisha kwa dirisha na konda anayening'inia mlangoni akiita abiria wa Nyuki na Bunju. Nimeishi huku tangu Salasala ikiwa mapori, nimekutana nao wa kila aina, na hukumu ninayo: kila nikikutana na tajiri, anayeondoka amepungukiwa ni mimi.

Chukua masika. Barabara zetu za ndani mvua ikizipiga siku mbili zinageuka majaruba ya mpunga. Asubuhi moja V8 jeupe, lile la vioo vyeusi, likazama mbele ya duka la Mangi mpaka tope likagusa vitasa vya milango. Vijana wa bodaboda wakavua ndala. Mimi nilikuwa napita na shati langu la kazini, lakini wakaniweka nyuma ya tairi la kulia kwa sababu, walisema, nina uzito wa kutosha. "Moja, mbili, tatu, sukuma!" Dereva akakanyaga mafuta. Tairi likazunguka palepale, likachota tope lote la mtaa na kulihamishia kifuani kwangu. Gari likatoka. Kioo cha nyuma kikashuka upana wa vidole vitatu, ubaridi wa kiyoyozi ukatupiga usoni, na sauti ikasema, "Mungu awabariki sana, vijana wangu." Kioo kikapanda.

Nikamwomba Mangi maji ya kunawa. Akaniuzia.

"Mangi, hata maji?"

"Kaka, haya ni ya boza. Nayanunua."

Huyo ni tajiri wa kioo cheusi, na afadhali yeye, maana anajulikana kwa mbali. Wa hatari ni tajiri wa ndala. Nilikutana naye Kunduchi pwani, mnadani, mzee amevaa msuli uliochujuka, ndala ya kushoto bluu na ya kulia kijani. Alikuwa anabishania kolekole mmoja. Bei ilianzia elfu ishirini na tano, akaishusha shilingi kwa shilingi mpaka elfu kumi na nane, na pale muuzaji akagoma. "Mzee wangu, hapo ndiyo mwisho. Samaki mwenyewe bado anakutazama." Mzee akafungua kiganja: noti zilizokunjwa, sarafu, na harufu ya karafuu. Hazikutosha. Alivyomtazama yule samaki, moyo ukanilainika, nikachomoa elfu mbili nikampa muuzaji. Mzee akanishukuru kwa dua ndefu, akaomba namba yangu ya simu, akaiandika nyuma ya risiti ya mafuta.

Kisha akatembea mpaka kwenye gari ambalo dereva alikuwa ameshamfungulia mlango.

"Unamjua huyo?" akaniuliza kijana wa kupara samaki, kisu kikiwa hewani. "Malori unayoyaona yanapandisha Tunduma kwenda Kongo, nusu ni yake."

Nyumbani mama watoto alikuwa anachagua mchele. Nilipomsimulia, aliweka ungo chini, akauliza swali moja tu: "Namba uliitaja vizuri?" Usiku ule daftari la madeni likageuzwa upande wa pili na kuandikwa mipango. Bati za chumba cha nyuma. Geti. Ada. Shemeji yangu wa Mbagala, ambaye leseni yake ilikuwa ya bajaji, akapigiwa simu aambiwe asikubali kazi nyingine yoyote. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshajiandikisha mafunzo ya kuendesha malori, na ada ya mafunzo, kwa kuwa nafasi hiyo ilipatikana kupitia kwangu, nikailipa mimi.

Simu ikaja jioni moja tukiwa mezani. Nikaiweka spika ili familia nzima isikie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa samaki?"

"Ndiyo mimi, mzee wangu."

"Mwanangu, tangu siku ile silali vizuri."

Mama watoto akanishika mkono.

"Nimepiga hesabu. Wewe uliongeza elfu mbili, mimi nilikuwa na elfu kumi na sita na mia tano. Yule kijana hajanirudishia mia tano yangu. Unayo namba yake?"

Namba sikuwa nayo. Akaniombea dua fupi, akakata. Elfu mbili yangu hakuigusia, na mimi nikaona aibu kuikumbusha kwa mtu mwenye malori mengi kiasi kile. Hapo ndipo siri yote ilipo: yeye haoni haya kuidai mia tano. Shemeji sasa ana leseni kamili ya malori, na bado anaendesha bajaji.

Halafu kuna tajiri wa ahadi. Kijana wa jirani yetu Mama Neema alipotaka kuoa, kamati ilikuwa inakutana kwenye baa moja hapo Nyuki, na bajeti ilikuwa ya watu wazima wenye akili: ukumbi wa mtaani, pilau, soda mojamoja. Kikao kimoja akaingia jirani mpya, mwenye ghorofa lenye uzio wa umeme, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tunamfahamu kwa honi tu. Mwenyekiti akaruka kumpisha kiti. Bosi akaagiza maji, akasikiliza kidogo, akanyoosha kidole. "Andikeni milioni tano."

Makofi. Mweka hazina akaandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Kuanzia hapo kamati ikalewa bila kunywa. Ukumbi ukahamia Mbezi Beach. MC wa mtaani akaachwa, akatafutwa wa kwenye televisheni. Keki ikaongezwa ghorofa. Mimi niliyekuwa nimeahidi laki moja, nikiangalia ile milioni tano juu ya jina langu, nikasikia ulimi wangu ukisema laki mbili kabla mfuko haujaulizwa.

Wiki ya harusi akaja dereva na bahasha. Mweka hazina akaifungua taratibu. Ndani mlikuwa na elfu hamsini, kadi yenye maneno mazuri ya kuwatakia maharusi maisha mema, na ujumbe kwamba bosi yuko Dubai. Kamati ikaitana usiku uleule, na pengo likagawanywa sawa kwa sawa kwa wote waliokuwepo. Waliozima simu walisalimika. Siku ya sherehe bosi akatokea, Dubai ikiwa imemalizika mapema. Akaketishwa meza kuu, MC akamtambulisha kuwa mfadhili wetu, akapiga picha na maharusi mkono ukiwa begani mwa bwana harusi. Sisi wafadhili wengine tulikuwa nyuma, karibu na spika, tukila kuku wetu kimya kimya.

Msije mkadhani mabilioni hayajawahi kuitaja Tegeta. Mwaka 2014 jina letu lilivuma nchi nzima, na safari hiyo si kwa ajili ya foleni. TANESCO na kampuni ya IPTL, yenye mtambo wa umeme uliojengwa huku kwetu, walikuwa wakivutana kuhusu malipo ambayo mtambo huo ulidai uwashwe usiwashwe. Fedha zenye mgogoro zikawekwa Benki Kuu kwenye akaunti iliyoitwa Tegeta Escrow, na ilipobainika kwamba zaidi ya shilingi bilioni 300 zimeshatoka, Bunge la Novemba likawaka moto. Tukasikia habari za fedha kubebwa kwenye sandarusi. Hapa Tegeta sandarusi tulizoziona zilikuwa za mkaa.

Ila baba yangu mdogo, aliyekuwa Sengerema na redio yake, alielewa vingine.

"Mwanangu, tumesikia. Hela za Tegeta zimegawiwa. Wewe mgao wako umeshatoka?"

"Baba, Tegeta hapo ni jina la akaunti tu."

"Jina likiwa la Tegeta, hela zitakuwa za nani? Za Sengerema?"

Ilikuwa hoja nzito. Wabunge walibishana siku kadhaa kuhusu fedha zile ni za nani, na sikumsikia hata mmoja aliyeiweka kwa ufupi kiasi hicho. Nikaapa kwamba sijapata kitu. Akanyamaza. Mwanzoni mwa 2015, iliposikika ile kauli ya mmoja wa waliogawiwa fedha za Escrow kwamba milioni kumi ni hela ya mboga, akapiga tena, sauti imejaa huruma ya mtu aliyekubali kudhulumiwa na ukoo wake. "Basi mwanangu, kama huko milioni kumi ni ya mboga, sisi tutumie hata ya kiberiti." Nikamtumia, na ya kutolea nikaweka juu. Naamini mimi ndiye mkazi pekee wa Tegeta aliyetoa mgao wa Escrow bila kupokea.

Wapo pia matajiri tunaokutana nao kila siku bila kuonana. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kuanza na biashara ndogondogo, sijawahi kumtia machoni. Lakini asubuhi andazi ni la unga wake, mchana juisi ni yake, jioni mpira nautazamia kwenye televisheni yake, na mtoto akililia aiskrimu, kilio hicho nacho kinaelekea kwake. Mohammed Dewji, kijana wa Singida ambaye jarida la Forbes humhesabu miongoni mwa mabilionea wa dola, naye hatujaamkiana. Dola bilioni moja tu ni zaidi ya shilingi trilioni mbili. Ila aliwekeza Simba, na Simba ikifungwa, anayekosa usingizi na jezi mpya mwilini ni mimi, na jezi hiyo nimeinunua mwenyewe. Hawa wawili hawanidai wala siwadai. Kila mmoja nampa chake mapema, asubuhi.

Juni 2020 tukapata tumaini jipya. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akaondoka na shilingi bilioni 7.74. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyechimba shimo la choo Tegeta bila kuchungulia kila jiwe. Jirani yangu alisimamisha mafundi kutwa nzima kwa sababu ya kitu cha bluu kilichong'aa udongoni, akawalipa posho wakae kimya. Kilikuwa kipande cha kigae. Na ukweli ni kwamba mawe ya huku yalishagunduliwa zamani. Kiwanda cha saruji cha Wazo kinayachimba na kuyasaga tangu 1966, na mimi mkazi wa jirani nayanunua tena, kwa mfuko wa kilo hamsini, nikijengea kile chumba cha nyuma ambacho bati zake bado ziko daftarini.

Siwasemi vibaya. Mwenye V8 alikuwa na haraka, mzee wa malori alidai haki yake, na bosi wa ghorofani hakumshika mtu mkono aongeze ahadi. Tajiri anajua bei ya kila kitu anachokigusa, hata mia tano ya chenji. Sisi tukimwona tunaacha kuuliza bei, tunaanza kulipia matumaini, na matumaini hayana risiti.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukikutana na tajiri huku kwetu, mwamkie kwa heshima zote, maana shikamoo haina tozo. Akiitikia marahaba, usimwongezee samaki, usishindane naye kwenye karatasi ya ahadi, na shemeji yako mwache na bajaji yake. Shika hamsini zako uende.