Mzee Asiyejua Alipo

Simu kuukuu ikifunguliwa ramani pale Kasulo, mtaa wa Kolwezi nchini Kongo, haikurupuki. Kiduara cha buluu huchomoza kimevimba, kimeumeza mtaa mzima, kikarukia upande wa pili wa Kolwezi, kikapumzika katikati ya shimo la mgodi, kisha kikaanza kurudi taratibu kama mlevi anayepapasa mlango wa kwake. Mwenye simu amesimama kando ya barabara. Dereva wa pikipiki anangoja, mota inaunguruma.

"Papa, tunaenda wapi?"

"Ngoja, kijana yangu, inatafuta."

Betri ilikuwa asilimia 41. Sasa ni 33.

Watu humwita mzee huyu, simu hii, mbovu. Ni dhuluma. Mwenye nasaba kama yake angestahili kuinukiwa kila anapotolewa mfukoni.

Kwa upande wa baba, ukoo wake uko mbinguni. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa na Marekani Februari 1978, na miezi mitatu baadaye jina la Kolwezi likavuma duniani: waasi waliotokea Angola waliuteka mji, na Mei 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaushukia. Bei ya kobalti ikapaa kwa hofu kwamba migodi ya Shaba, jina la Katanga enzi hizo, ingesimama. Kwa upande wa mama, ukoo uko udongoni. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa kutunza umeme. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri za jamii hiyo. Na leo takriban sehemu saba kati ya kumi za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Kasulo yenyewe ilikuwa mtaa wa watu tu, mpaka mwaka 2014, inavyosimuliwa, mkazi mmoja aliyekuwa akichimba shimo kwenye kiwanja chake alipokutana na jiwe alilolitambua. Haukupita muda watu wakachimba uani, kisha sakafuni mwa vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, mamia ya familia zikahamishwa, na ununuzi wa madini ukakabidhiwa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou ya China. Kwa hiyo mzee huyu si mgeni. Yawezekana alizaliwa chini ya kitanda cha mtu hapa hapa, akapelekwa ng'ambo kusoma, akarudi mtumba.

Sasa tabia zake. Ya kwanza ni usikivu. Setilaiti iko umbali wa kilomita 20,200, na nguvu inayorusha ni makumi machache ya wati, kama taa ya chumbani. Habari zake huzisoma kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Hakuna mwalimu wa darasa la kwanza anayetoa imla kwa upole huo. Setilaiti moja huhitaji sekunde 30 kueleza njia yake yenyewe, na orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ili simu ijue ilipo, lazima isikie angalau nne. Simu za vijana hukwepa darasa: hununua majibu kwa mega, zikayapokea kutoka kwenye mtandao kabla mwalimu hajafungua kitabu. Mzee huketi akasikiliza neno kwa neno, na likipita lori la madini likamziba masikio, hungoja imla irudiwe.

Wapo wasio na adabu wanaotaka kumharakisha, na inasikitisha kwamba hufaulu. Humwashia data dakika moja au mbili kabla ya safari, akapokea majibu yanayomfaa kwa saa kadhaa, kisha wakaizima. Humtoa chini ya mabati, maana bati na ishara dhaifu haviivi chungu kimoja, na kumvua kava lake la chuma. Humsahihishia tarehe na saa, kwa kuwa simu yenye tarehe ya uongo huzitafuta setilaiti mahali zisipokuwapo. Hili la tarehe si mzaha. Mfumo wa GPS uliweka hesabu ya wiki inayorudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na ilirudi Aprili 2019. Wenye iPhone 5 waliambiwa na Apple wasasishe programu kabla ya Novemba 3 mwaka huo, la sivyo simu ingepoteza mahali na saa kwa pamoja. Mzee kasahau mwaka, na wazee wangapi hawajafanya hivyo?

Kuna kosa moja ambalo hata wapenzi wake hulitenda. Katika Android nyingi za zamani, mpangilio wa mahali una namna tatu, na mwenye simu, kwa kubana matumizi, huchagua ile ya kuokoa betri. Namna hiyo haitumii GPS kabisa. Hukisia kwa minara na Wi-Fi. Kisha mtu huyo huyo analalamika kwamba kiduara kimevimba.

Tabia ya pili ni kiasi. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kuhesabiwa. Nyingi hutengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi. Baada ya hapo mzee hula kidogo na kuchoka mapema. Asubuhi za Juni, baridi ya Kolwezi inapoingia hadi mifukoni, huweza kuzima ghafla kwenye asilimia 30. Hajaishiwa, ameombwa mengi kwa mpigo, kioo, mtandao na GPS, na nguvu yake ikaanguka. Apple ilikiri Desemba 2017 kwamba ilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili kuzuia kuzima huko, na mwaka 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Dawa ilikuwa betri mpya. Wasio nayo, wakiwa watundu, hupunguza mwanga wa kioo, hubeba ramani iliyopakuliwa nyumbani, huzinyima programu ruhusa ya kujua mahali saa zote, na mahali pasipo mtandao huweka hali ya ndege, ili simu isijiue kwa kuita minara isiyoitika. GPS ya simu nyingi huendelea kusikia hata hapo.

Kuhusu chaji, mzee yuko mahali pake hasa. Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga, kilomita zipatazo 1,700, ulifika Kolwezi mwaka 1982 kwa ajili ya migodi. Hata hivyo, mwenye simu hulipia chaji kibandani.

Ndani ya mashimo ya Kasulo hakuna simu bora. Ya mwaka huu na ya mwaka 2013 zote hazioni kitu, kwani udongo hauipitishi ishara ile; kobalti hupatikana pale ambapo simu haijui ilipo. Wanunuzi wa Musompo, soko la madini, hupima kiwango cha kobalti katika mawe kwa kifaa wanachokiita Metorex. Unga wenye kobalti ulio ndani ya betri ya mzee, ukitolewa ukapimwa peke yake, ungekaribia asilimia 60, kiwango ambacho gunia la kawaida haliwezi kukiota. Wabelgiji walishalijua hilo: Umicore, mrithi wa Union Minière iliyoanzishwa 1906 na kuichimba Katanga mpaka ilipotaifishwa, huyeyusha betri zilizochoka huko Hoboken, Antwerp. Babu zao walifuata jiwe hadi Kolwezi. Wao hungoja liwafuate.

Yule papa wa barabarani hakuweza kungoja. Alimwuliza njia mama muuza mikate, akajibiwa kwa kidole, na pikipiki ikaondoka kuelekea Musompo. Nusu ya safari, mfukoni, kwenye asilimia 19, kiduara kimesinyaa hatimaye na kutulia. Kinasema yuko Kasulo.